Turki, Njoo Uichukue Mashine Yako ya Keki

Makorora, Tanga
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa Ndugu Turki bin Mazin,
Msafirishaji wa Vyuma Vizito kwa Akina Mama,
Maskati, Omani.

YAH: OMBI LA KUIONDOA MASHINE YA KUKOROGEA KEKI NYUMBANI KWA MAMA YAKO MZAZI

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini kwa malezi uliyopewa ungeniona ungeniamkia, kwa hiyo naipokea shikamoo yako mapema ili tusipoteze muda.

Ni mimi Rahila, jirani wa mama yako ukuta kwa ukuta, yule uliyekuwa ukikimbilia kwake kula maandazi ukishachapwa kwenu. Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na mimi ndiye ninayehusika zaidi. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu jambo hili ni zito na ujumbe wa sauti wa simu haulibebi. Mtu akitumiwa malalamiko kwa sauti anayasikiliza huku anaendesha gari, anajibu "inshallah, mama", basi yamekwisha. Karatasi lazima ukae chini uisome.

Kwanza nikupongeze. Watoto wa wenzetu walioko Arabuni wanawatumia mama zao mablanketi, udi na mafuta ya kuchulia magoti. Wewe hukutaka mambo ya kawaida. Uliingia soko la mitumba ukachagua mashine ya chuma iliyotengenezwa mimi sijaolewa bado, ukaipaka rangi ya maziwa, ukaifunga kwa blanketi na kuipakia kwenye kontena, ije Tanga imkorogee mama yako keki. Hakika una jicho. Ilipofika, vijana walioibeba waliiweka chini mara mbili kabla ya kufika mlangoni, na mmoja wao akauliza kama ndani kuna injini ya boti. Mama yako aliniambia kwamba yeye hakuiomba, ni wewe tu uliyeng'ang'ania, na kwamba ulimhakikishia kuwa mashine za zamani hazifi. Tumeshaona kuwa hazifi. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Sasa nakuja kwenye malalamiko. Nimeyapa namba ili usije ukasema hukuyaelewa.

1. Mtetemo. Tangu tuwe majirani, mama yako akitaka kupika keki alikuwa anagonga ukuta kwa mwiko na kuniita, "Weye Rahila, mkono wako unafanya nini?" Mimi nachukua kanga yangu, nazungukia mlango wa uani, navuta kigoda. Bakuli linakaa katikati yetu, magoti yanakutana, mmoja anapiga mayai na sukari, mwingine anachekecha unga na kutoa habari za mtaa. Akichoka huyu anapokea yule. Siku hizi ukuta haugongwi, unatetemeka. Mashine ikiwashwa, vikombe vyangu kabatini vinaanza safari. Kile chenye maua, alichoniletea marehemu mume wangu kutoka Unguja, kimeshafika ukingoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nami nakirudisha nyuma na kukipa pole. Kwa hiyo usidhani nimekosa habari. Nikiona vikombe vinatembea najua kabisa kwamba mama yako anapika keki. Ninachokosa ni kuitwa.

2. Kuzunguka kwake. Mimi na mama yako tulifundishwa keki na mtu mmoja, Bi Time, mama wa Kipemba aliyekuwa akikaa nyuma ya msikiti, Mungu amrehemu. Bi Time alitufundisha kwamba mayai yanapigwa upande mmoja tu. Umeanza kulia, utamaliza kulia, hata kama mkono unataka kukatika, hata kama mgeni anabisha hodi. Ukibadili upande keki inakaa chini kama chapati, na watu watajua. Alitufundisha pia kwamba juu ya bakuli hasengenywi mtu kwa ubaya, kwa kuwa mayai yanasikia. Tulizishika amri zote mbili. Hata tuliposengenya, tulisengenya kwa wema.

Nimeiinamia mashine yako nikiwa na miwani. Ule waya wake wa kupigia unajizungusha wenyewe kulia, na wakati huohuo unalizunguka bakuli kwa kushoto. Kulia na kushoto kwa pamoja, mchana kweupe, bila haya. Nilirudi kukaa, nikisubiri keki ianguke. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumfariji mama yako, maneno mazuri, yasiyo na dharau hata kidogo. Keki ikapanda. Tuliipika kwa moto wa chini na juu kama kawaida, na tulipoinua sinia la makaa tukaikuta imejaa sufuria, laini, inanukia iliki, na kisu kikipita haimwagi chembe. Ndugu Turki, ingeanguka nisingeandika barua hii. Nimezuia mkono wangu usiende kushoto tangu nikiwa msichana, na sasa chuma kutoka sokoni kinaniambia kuwa nilikuwa naogopa bure.

3. Sahani. Kwetu, kama umesahau huko, sahani ya jirani hairudi tupu. Zamani utaratibu huu haukuwa na taabu, kwa kuwa keki ilikuwa kazi, na sahani ya keki ilitembea siku ya Idi, siku ya maulidi au mgeni akija. Sasa keki inajikoroga mama yako amekaa anakunywa kahawa, na sahani inatoka kwake leo, na keshokutwa inatoka nyingine. Nilirudisha vitumbua. Nikarudisha kashata, nikarudisha sambusa, nikarudisha visheti. Visheti viliponiishia nikampigia kaka yangu Shaib kule Maramba, akaniletea machungwa na mihogo, nayo yakapita ukutani yakaisha. Wiki iliyopita nimerudisha sahani na binzari. Binzari kavu, mimi Rahila, ambaye watu walikuwa wanatoka Mabawa kuja kuuliza visheti vyangu nimetia nini. Mama yako aliipokea, akasema ahsante shoga, na kesho yake sahani ileile ikarudi na keki ya zabibu.

Na siko peke yangu. Mzee Sabiri, yule seremala wa nyumba ya pembeni, ni mgane na hapiki. Sahani ya kwanza aliirudisha na mche wa sabuni. Ya pili aliirudisha na misumari, mipya, ameipanga duara kama ua, vichwa vyote vinatazama nje. Mama yako alimshukuru sana, akasema ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mtaa huu ulikuwa na amani. Sasa ikinguruma mashine, watu wanafunga madirisha ya mbele na kukaa kimya ili sahani ikija ipite.

4. Kiti na heshima. Unakikumbuka kile kiti cha pembeni ya dirisha sebuleni kwenu, chenye mto mwekundu. Hicho ni changu. Hakuna hati inayosema hivyo, lakini muulize mtu yeyote. Kimeondolewa. Pale pamewekwa meza, juu ya meza kuna mashine, na juu ya mashine kuna kitambaa cha kudarizi ambacho nilikidarizi mimi kwa mikono yangu, nikampa mama yako zawadi siku aliyokuzaa wewe. Mimi sasa nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kuuliza njia.

Halafu kuna Shahd, binti wa dada yako. Mtoto ana adabu, simlaumu. Aliambiwa kwamba mashine hii ina umri mkubwa kuliko mama yake, basi kila akirudi madrasa anasimama mbele yake anasema shikamoo. Ikiwa imezimwa, anaisubiri kidogo kisha anaondoka. Ikiwa inafanya kazi inanguruma, naye ameamua kwamba hiyo ndiyo marahaba. Juzi aliiamkia mashine kwanza, ndipo akaniamkia mimi. Nilimweka chini nikamweleza, taratibu, kwamba wakati mashine hiyo inatengenezwa mimi nilikuwa tayari msichana wa kutumwa dukani, kwa hiyo ninaitangulia na ninastahili kuamkiwa kwanza. Alikubali. Lakini tazama ulikonifikisha, Turki. Nagombea umri na chombo cha jikoni.

5. Lalamiko hili lilihusu taa ya barazani kwangu, inayopepesa kila mashine ikiwashwa. Fundi umeme amekuja asubuhi, akakaza balbu, na imeacha. Nimelifuta. Namba nimeiacha ili uone kwamba malalamiko hayakuwa machache.

6. Harusi. Mjukuu wangu Suhaila anaolewa mwezi ujao, na hapa naomba uache unachofanya.

Wewe ni mtoto wa mtaa huu, kwa hiyo unajua kwamba alasiri ya siku moja kabla ya harusi wanawake wanakusanyika uani kwangu kupiga mayai ya keki. Kila mtu anakuja na bakuli lake. Wanatoka mtaa mzima, wanatoka na Mabawa. Bi harusi anakaa katikati na hina mikononi, haruhusiwi kugusa kitu, anachekwa tu. Na waliogombana mwaka huo wanapewa bakuli moja wapige kwa zamu. Ni mimi ninayewapanga, na hawanikatalii. Mwanzoni wanapokezana bila kutazamana. Mayai yakianza kuwa meupe utawasikia wanaulizana kama sukari inatosha, na yakiwa tayari mkono umechoka na hasira nayo imechoka. Ugomvi wa mashamba, wa waume, wa maneno yaliyosemwa kisimani enzi hizo za visima, yote nimeyaona yakiishia kwenye bakuli. Keki za harusi ya baba yako na mama yako zilipigwa hapo hapo, na bakuli la kwanza nililishika mimi.

Ijumaa Suhaila alikuja akanishika miguu, akaniambia kwa upole kwamba nisijisumbue safari hii. Bi Shamsiya, yaani mama yako, atazikoroga zote kwa mashine nyumbani kwake, yeye na mashine wanatosha. Wanawake wameshaambiwa waje tu kula.

Waje tu kula. Nilimwambia vizuri mjukuu wangu, Mungu akubariki. Alipoondoka nikaufagia ua wote, mpaka chini ya mtungi, kisha nikakaa nikautazama. Nimeumia, Turki. Nalisema wazi kwa kuwa barua rasmi inatakiwa kuwa wazi. Sililii mayai, na wala mkono wangu haujawa na njaa ya kazi. Nilichokuwa nacho ni mwenzangu wa tangu usichana upande wa pili wa ukuta, anayenihitaji. Yeye sasa amepata mashine, na mimi nimepata keki.

7. Mustakabali. Kwa kuwa umeshaanza kututoa taabuni, nashauri usiishie njiani. Kagua vizuri hilo soko lako. Tafuta mashine ya kwenda matangani, ikae mkekani na wenzake, ilie kwa kiasi na ijue wakati wa kunyamaza. Tafuta ya kutia hina. Tafuta ya kukoleza mchuzi na kusema chumvi imezidi wakati haijazidi, ili mpishi apate mtu wa kubishana naye. Kisha tafuta moja inayoweza kuweka siri za mama yako tangu ujana wake mpaka leo, inune naye Jumatatu kwa jambo la kipuuzi na kupatana naye Jumatano bila mtu kuomba radhi. Hiyo ya mwisho itakuwa nzito zaidi, ikatie bima. Zikishafika zote, mama yako hatakuwa na haja ya jirani hata mmoja, na nyumba yangu unaweza kuivunja ukaweka stoo. Kwa upande wangu nitumie moja tu, ndogo, hata kama rangi imebanduka. Iwe inagonga ukuta.

Kutokana na hayo niliyoyaeleza, naomba kwa heshima zote uchukue hatua moja kati ya hizi. Ya kwanza, ambayo naipendelea, ni kwamba mashine irudi Maskati kwa njia ileile iliyoijia, na blanketi lake nitalifua mimi. Ya pili, kama nauli ya chuma hicho inakutisha, ipelekwe Maramba kwa kaka yangu Shaib, ambaye anajenga banda na ana chokaa ya kukoroga. Huko itazunguka kulia na kushoto itakavyo, na hakuna mtu wa kuivumilia ila kuku. Ya tatu, iwekwe makumbusho, kwenye kioo, na watoto wa shule waletwe waiamkie kwa zamu.

Naomba unijibu haraka, na usimpigie mama yako kabla hujanijibu mimi, maana atakufanya ulie na kesi itaharibika.

Nisalimie mkeo, na mwambie ule ubani alionitumia ni mzuri, unafukuza mbu. Nisalimie watoto, ambao sijawaona ila kwenye simu, na pale walikuwa wamepinduka kichwa chini. Nisalimie wapwa wote wa marehemu baba yako, na yule rafiki yako mnene aliyekula harusini kwako mpaka akalazwa, kama bado yu hai. Mzee Sabiri anakusalimu, anauliza kama huko kuna misumari mizuri. Na yule aliyekuuzia mashine pia msalimie, kwa ufupi.

Mimi niliyekulea nusu, na nusu hiyo naidai adabu yake,

Rahila binti Yakoub
Nyumba yenye ukuta unaotetemeka

Nyongeza: Baada ya kusaini nilivuka kwenda kumsomea mama yako barua hii, kwa sababu si tabia yangu kumsema mtu nyuma ya mgongo wake bila yeye kusikia. Alianza kucheka kwenye lalamiko la pili. Kufika kwenye misumari kanga ilikuwa imemdondoka kichwani kwa kicheko. Akaivuta kwa mkono wa kushoto, ikadondoka tena, akaivuta tena kwa kushoto. Nikamwambia, Shamsiya, tumia mkono wa kulia. Akasema ah, ndiyo hivyo tu. Nikaweka karatasi chini nikamwambia auinue mkono wa kulia. Aliuinua ukafika kifuani, ukakataa.

Ni bega. Ni tangu Idi iliyopita. Hachani nywele zake mwenyewe, anachanwa na Shahd. Alinificha kwa kuwa alijua ningesema kaa, nitapiga peke yangu, na kweli ndivyo ningesema. Anasema alishaniona nikipiga mayai ya watu wawili mara nyingi, na hakutaka mabega mabovu yawe mawili kwenye ukuta mmoja. Kwa hiyo mashine hukumng'ang'aniza wewe. Aliiomba yeye. Na ulipomuuliza ya nini, akakwambia ni kwa ajili yangu, eti Rahila mkono wake umezeeka na anaona aibu kusema, anamwonea huruma. Wewe ukaamini. Mkono wangu, Ndugu Turki, ndio uliokuandikia kurasa zote hizi bila kupumzika.

Amenikataza kukwambia habari ya bega. Sijakwambia. Umeisoma tu mwishoni mwa barua ya malalamiko, mahali ambapo watu hawasomi. Mpigie leo, umwambie aende hospitali, na useme umeota.

Malalamiko yangu yote yanabaki kama yalivyo, ila ombi nalifuta. Mashine isitoke. Siku ya mayai mashine itavuka ukuta, italetwa uani kwangu kwa mkokoteni wa Mzee Sabiri, na wanawake waje na mabakuli yao kama kawaida, kwa kuwa wapo wawili hapa mtaani ambao hawajasemeshana tangu mfungo na hao siwapi mashine. Mimi na mama yako tutakaa nayo. Nimeitazama tena kwa makini, na haifiki kwenye kingo za bakuli. Unga unaganda pembeni, lazima mtu akae na mwiko aukwangue kila mara. Mama yako ataishika swichi kwa mkono wa kushoto, na kukwangua ni kazi yangu. Tafadhali usije ukatutumia mpya inayofika pembeni.